Vyoo vya vakyumu kama vya kwenye ndege: vinaokoa maji kweli au tunapigwa?

#1 Mwanakimbiji
Wakuu, habari za humu.

Nina lodge ndogo ufukweni Kigamboni, vyumba 18, na sasa hivi nakarabati upande wa vyoo. Wiki iliyopita kaja jamaa na kabrasha linang'aa, anauza vyoo vya vakyumu, vile vile vya kwenye ndege. Unabonyeza, shwaaa, mzigo umeondoka. Anasema kila ukibonyeza inatoka lita moja tu ya maji, wakati masinki yangu ya sasa yanakula lita tisa. Kwa hesabu yake nitaokoa karibu "asilimia 90 ya maji". Bei aliyotaja siiandiki hapa, mke wangu yumo humu.

Maji ndiyo ugonjwa wangu. Msimu wa wageni nanunua maboza mawili ya lita 10,000 kila wiki. Nani ameshaishi na vyoo hivi nchi kavu, siyo angani? Na vikiharibika, fundi anapatikana?

#2 Pilipili Kichaa
Siti ya mbele kabisa, karibu na mlango. Nimekuja na karatasi zangu.

#3 Kobe Mzee
Kusoma kichwa haraka nikadhani unaongelea gari la kunyonya. Nikasema huyu tajiri analitaka lilale chumbani kabisa.

#4 FundiBomba Buguruni
Mkuu, kazi ya bomba nimeianza 1998. Choo cha kawaida kikisumbua ni raba, ni boya, au kimeziba. Basi. Raba naipata Kariakoo hata umeme ukiwa umekatika. Hicho chako kina valvu nyuma ya sinki, kina kidude kinachoiamrisha hiyo valvu, kina mabomba yasiyotakiwa kuvuja hata kidogo, halafu kina mtambo wa pampu huko nje. Bomba la kawaida likipata ufa, unasikia harufu na maisha yanaendelea. Hilo likipata ufa, pampu inahangaika usiku kucha, na ufa ukikua vyoo vyote 18 vinagoma asubuhi moja. Asubuhi ambayo wageni wamekula pweza jana yake.

#5 Injinia Bila Helmeti
Kabla hatujafika mbali, tuelewane kinafanyaje kazi, maana hilo neno "kunyonya" linapotosha. Kuna pampu inayotoa hewa kwenye tenki na mabomba mpaka mgandamizo wa ndani unashuka karibu nusu ya ule wa nje. Ukibonyeza, valvu inafunguka sekunde chache, na hewa ya humo chooni ndiyo inausukuma mzigo kuingia bombani. Kazi ya kubeba anaifanya hewa. Maji ni ya kusuuza sinki tu, ndiyo maana nusu lita mpaka lita moja na nusu inatosha.

Kutokana na hilo, bomba linaweza kuwa la inchi mbili badala ya nne. Halihitaji mteremko mkali, linaweza hata kupanda mita kadhaa kwenda juu. Na likiwa na ufa huvuta hewa ndani, halimwagi uchafu nje. Kwa mtu wa ufukweni hilo la mwisho ni kubwa kuliko lita zako tisa.

Anachosema FundiBomba nacho ni kweli. Hewa ikikosekana hakuna choo. Ndiyo maana mtambo wa maana huwekwa pampu mbili, moja ikifa nyingine ipo. Muulize muuzaji kama bei yake ni ya pampu ngapi.

#6 Mwalimu wa Zamu
Vakyumu kwa Kiswahili ni ombwe. Kamusi zipo, tuzitumie. Choo cha ombwe.

#7 Pilipili Kichaa
Mwalimu, nikimwambia fundi aniletee choo cha ombwe atanipeleka kwa mganga.

#8 Nahodha Mstaafu wa Likoni
Mimi jina tu hilo, unahodha sikuupata. Nalikuwa mtu wa injini katika meli za abiria miaka kumi na moja, na kila kijana mpya akija akipewa vyoo ndio ajifunze adabu. Kwa hivyo haya nayajua kwa mikono yangu.

Choo chenyewe hakina neno. Neno ni watu. Humo bombani nshatoa soksi, kijiko, meno ya bandia ya mzee mmoja (akayataka tena), na vile vitambaa vyepesi vya kupangusia watoto, hivyo ndio maradhi hasa. Bomba ni jembamba, kitambaa kikikaa kwenye kona, kila kijacho chakaa juu yake. Halafu valvu moja ikikwama wazi, hewa yote yaingilia hapo, na sitaha nzima yapoteza nguvu. Wewe wazunguka kabini kwa kabini watega sikio, wapi pafanya "ssss". Usiku wa manane.

Msidhani ni meli kuukuu tu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani waliandika 2020 kuhusu manowari mbili za kubeba ndege, George H.W. Bush na Gerald R. Ford. Vyoo vyao ni vya namna hii, watu zaidi ya elfu nne humo ndani, vikawa vyaziba ovyo hata ikabidi mabomba yaoshwe kwa asidi mara kwa mara. Kila kuosha, karibu dola 400,000.

Na umeme ukienda, ndugu yangu, usiulize. Februari 2013 meli ya Carnival Triumph ilishika moto chumba cha injini katika Ghuba ya Meksiko, ikakaa siku kadhaa bila nguvu na abiria zaidi ya elfu tatu. Vyoo karibu vyote vikafa. Watu walipewa mifuko.

#9 Kobe Mzee
Mifuko! Mwanakimbiji, agiza na mifuko kabisa kwenye kontena hilo hilo.

Ila niulize, hivi vya kwenye ndege si humwaga angani? Kijijini kwetu tulikuwa tunaambiwa tusiangalie juu ndege ikipita.

#10 Injinia Bila Helmeti
Hapana Kobe. Kuna tenki ndani ya ndege, hunyonywa ikitua, kuna gari maalumu la kazi hiyo. Vya kwanza vya vakyumu viliwekwa kwenye ndege ya Boeing mwaka 1982, kwa hataza ya Mmarekani James Kemper ya 1975. Kabla yake walitumia dawa ya bluu iliyozungushwa tena na tena, ndege inabeba mamia ya kilo za maji hayo. Ndege ikishapita futi 16,000 hivi, pampu inapumzika kabisa, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya ndani na tofauti hiyo inatosha. Wewe Mwanakimbiji uko usawa wa bahari. Kwako pampu haipumziki.

Iliyokuwa inamwaga chini ni treni yetu ya zamani. Ukiangalia tundu unaona mataruma yanakimbia.

#11 Kobe Mzee
Kumbe ndiyo maana tulikatazwa kuingia treni ikisimama stesheni. Asante, nimejifunza nikiwa na miaka 51.

#12 Pilipili Kichaa
Na yule mama aliyenasa kwenye choo cha ndege kwa sababu alibonyeza kabla hajanyanyuka? Ilitangazwa dunia nzima.

#13 Injinia Bila Helmeti
Hiyo ilivuma mwanzoni mwa 2002, halafu shirika lenyewe la Skandinavia likasema kisa kilitungwa kwa ajili ya mafunzo. Unyanyuke usinyanyuke, hutanasa. Utashtuka tu.

#14 Binti Mkanyageni
Nyie mwazungumza maji ya kubonyeza tu. Sie wengine choo bila ya maji ya kuchambia si choo. Sasa kile kidude kimepimiwa lita moja, mie nikitia kata zangu mbili, kinakubali au kinanirudishia? Na huo uokoaji wa maji uko wapi kama kustanji peke yake ni zaidi ya hiyo lita?

Muuzaji wako kaliandika hilo katika kabrasha? Nakwambia hakuliandika. Waliotunga kabrasha wanatumia karatasi.

#15 Msafiri wa Maskati
Binti kagusa penyewe. Mimi niko Maskati, nasimamia nyumba za wafanyakazi, jina la kampuni tuliache. Tuna majengo mawili yanafanana kama mapacha, kila moja watu 60 hivi. Jengo la pili likafungwa vyoo vya vakyumu wakati wa ukarabati, la kwanza likabaki na vyoo vya tenki. Kila chumba cha choo kina mpira wa kuchambia, huku twauita shatafu.

Kuchamba hakina shida. Maji yanakaa kwenye sinki, ukibonyeza yanaondoka na vyenginevyo.

Shida yangu ni mita. Tuliahidiwa maji ya jengo yatashuka nusu. Yameshuka kama sehemu moja ya tano, na miezi mengine hata hiyo hafifu. Mwaka wa pili sasa na sijapata mtu wa kunambia kwa nini. Kila fundi ana lake.

#16 FundiBomba Buguruni
Valvu ya maji inavuja. Siyo ile kubwa ya hewa, ile ndogo inayoleta maji ya kusuuza. Ikipitisha kidogo huoni, maana maji hayakai kwenye sinki kama la kawaida, yakishuka yananyonywa na anayekuja baada yako. Choo cha tenki kikivuja kinapiga kelele, unakasirika, unaita fundi.

#17 Injinia Bila Helmeti
Mimi sioni fumbo. Kwenye nyumba za Marekani zilizopimwa, choo kinachukua karibu robo ya maji yote ya ndani. Kata robo hiyo kwa asilimia 85, jumla inashuka asilimia 21. Ndiyo hiyo moja ya tano yako. Mita haina kosa, aliyekosea ni aliyekuahidi nusu.

#18 Msafiri wa Maskati
Injinia, hao si Wamarekani wenye mashine za kufulia na bustani. Ni wanaume sitini, nguo zinakwenda dobi nje, kupika kuna kantini jengo jengine. Wanaoga na wanakwenda choo. Choo kwao lazima kiwe zaidi ya robo.

Na FundiBomba, valvu zilibadilishwa zote mwezi wa tano. Mita haikutikisika.

#19 Binti Mkanyageni
Shatafu hilo! Wanaume sitini na mpira wenye presha, mtu anajioshea na miguu na ukuta.

#20 Msafiri wa Maskati
Jengo la kwanza pia lina shatafu, dada. Kama ni shatafu, tofauti ingebaki ile ile.

#21 Dada wa Jenfeld
Naomba niingie, mimi naishi nacho nyumbani mwaka wa sita huu. Niko Hamburg, mtaa unaitwa Jenfelder Au. Zaidi ya nyumba 800 zilipangwa zitumie vyoo vya vakyumu. Majitaka ya chooni yana bomba lake, yanakwenda kwenye mtambo wa hapo hapo mtaani kuchachushwa, gesi inatoa umeme na joto. Maji ya kuoga na ya jikoni yana bomba lingine. Wajerumani hawakufanya hivi kuokoa maji, huku mvua inanyesha mpaka unachoka. Wanataka uchafu uwe mzito. Ukiuchanganya na lita tisa za maji, huo mtambo wa gesi haufanyi kazi vizuri.

Jambo dogo nje ya mada: mtaa huu umejengwa palipokuwa kambi ya jeshi iliyoitwa Lettow-Vorbeck, yule yule kamanda wa Kijerumani aliyewaburuza babu zetu kwenye vita vya 1914 mpaka 1918. Pembeni kuna sanamu za askari na wapagazi wetu, wanapaita Tansania-Park. Kwa hiyo kila asubuhi napita kwa askari wa Kiafrika wa udongo, narudi nyumbani kwenye choo cha kizazi kijacho. Sijui nifikirie nini, nimezoea.

Maisha yenyewe: kelele ni sekunde mbili, kali, mtoto wangu aliogopa mwezi mzima. Sinki halikai na maji mengi, kwa hiyo kuna siku unabonyeza mara mbili mpaka pasafike, mara tatu ukiwa na mgeni anayekuja. Msafiri, hapo ndipo maji yako yanapotea. Lita moja mara tatu siyo lita moja.

#22 Msafiri wa Maskati
Mara tatu ni lita tatu. Tenki la jengo la kwanza ni lita tisa. Bado ningeona tofauti kubwa, Dada. Ila la kubonyeza mara mbili mbili ni kweli, nimeliona, na watu wakilalamika choo kinabaki na alama.

#23 Nahodha Mstaafu wa Likoni
Maskati kuna joto. Hilo jengo la pili lina vipoza hewa vya maji? Vile vya kulowesha nyasi na feni. Hivyo vyanywa maji kama ngamia, na kama vimeungwa katika mita ile ile, tazama hapo.

#24 Kobe Mzee
Au boya la tenki la juu ya paa linamwaga usiku watu wamelala. Kwangu lilifanya hivyo miaka miwili, bili nikawa namlaumu mpangaji. Alihama kwa hasira. Boya likatengenezwa wiki iliyofuata.

#25 Pilipili Kichaa
Kobe, umwombe radhi huyo mtu.

#26 Kobe Mzee
Alibadilisha namba.

#27 Mzee wa Kisima
Nimesoma toka mwanzo. Swali moja tu kwa mleta mada, na nashangaa hakuna aliyeuliza. Hivi sasa vyoo vyako unaflashi kwa maji gani? Ya boza?

#28 Mwanakimbiji
Hapana mzee. Boza ni la kuoga, kupikia na kufulia. Vyoo vimeungwa kwenye kisima changu, maji yake ya chumvi, hayafai kwa kingine.

#29 Mzee wa Kisima
Kwa hiyo unataka kununua mtambo wa mamilioni uokoe maji ambayo hununui.

#30 Pilipili Kichaa
😂😂😂 Uzi ufungwe.

#31 Mwanakimbiji
Dah. Mzee, hapo umenipata. Jamaa aliniuliza natumia maboza mangapi, hakuniuliza yanaenda wapi. Na mimi sikujiuliza.

#32 Nahodha Mstaafu wa Likoni
Ngoja, yako mabaya zaidi. Meli yangu ya kwanza ilikuwa yaflashi kwa maji ya bahari. Chumvi ile na mkojo vikikutana hufanya magaga meupe ndani ya bomba, magumu kama simiti. Bomba la inchi nne laweza kustahimili miaka. La inchi mbili likifanya magaga nusu inchi kila upande, umebaki na inchi moja. Hata hao wa manowari asidi yao ni ya kazi hiyo hiyo.

Kwa hivyo kisima chako cha chumvi usikitie katika vakyumu. Itabidi vyoo uviunge na boza.

#33 Mwanakimbiji
Yaani choo cha kuokoa maji kitaniongezea maji ya kununua?

#34 Injinia Bila Helmeti
Tupige hesabu. Vyumba 18 vikijaa ni wageni 36, kila mmoja aende mara tano, unapata mibonyezo 180 kwa siku. Kwa lita moja moja ni lita 180, kwa wiki 1,260. Ndiyo, utaongeza hizo kwenye boza. Wakibonyeza mara mbili kama kwa Dada, zidisha.

Lakini msicheke mkasahau upande wa pili. Hiyo lita tisa ya kisimani, ikishatumika inakwenda wapi?

#35 Mwanakimbiji
Karoni. Lina vyumba viwili, halafu shimo la kunywesha mchangani. Msimu wa mvua linakataa kunywa, naita gari la kunyonya kila baada ya siku chache. Hiyo nayo ni gharama, siyo ndogo.

#36 Mzee wa Kisima
Na kutoka shimo hilo mpaka kisimani ni hatua ngapi?

#37 Mwanakimbiji
Kama arobaini.

#38 Kobe Mzee
Kwa hiyo maji yanatoka kisimani yanaenda chooni, karoni, mchangani, kisimani. Wewe tayari una teknolojia ya Ujerumani, mkuu.

#39 Injinia Bila Helmeti
Kobe anatania ila ndiyo hoja. Kwa lita tisa, majitaka ya chooni ni lita 1,620 kwa siku, ongeza za watu wenyewe, lita moja na nusu kwa kila mtu, unapata kama 1,670. Tenki la lita 10,000 lisilonywesha linajaa ndani ya siku sita. Kwa vakyumu ni 180 na hizo 54, jumla 234. Tenki lile lile linakwenda siku 43. Unaziba shimo la mchangani, unaita gari mara moja kwa mwezi na siku kadhaa, na kisima kinapumua. Faida ya kitu hiki iko mwishoni mwa bomba, siyo mwanzoni.

#40 Binti Mkanyageni
Umesahau tena maji ya kuchambia. Wafanyakazi wake ni watu wa Kigamboni, si karatasi hao.

#41 Injinia Bila Helmeti
Sawa dada, tuseme siku 30. Umeridhika?

#42 Binti Mkanyageni
Kidogo.

#43 FundiBomba Buguruni
Mimi nipinge kidogo. Uchafu mzito hivyo, wa siku 30 bila maji, gari la kunyonya litauvuta? Mimi nimeona makaro yaliyokauka, mpira wa gari unashika hewa tupu, vijana wanamwaga maji juu kwanza ndipo livute. Utayanunua maji hayo hayo uliyookoa.

#44 Dada wa Jenfeld
Ule haukauki FundiBomba, bado sehemu kubwa ni maji. Unatiririka kama uji mwepesi. Kinachokauka ni karo lililonywesha maji yake chini likabaki na tope.

#45 FundiBomba Buguruni
Uji wa Ujerumani huo. Huku tunakula ugali.

#46 Mzee wa Kisima
Mimi kwenye hatua arobaini sina hofu sana. Mchanga unachuja. Baba yangu alichimba kisima hatua ishirini na tano kutoka chooni na tumekunywa maji yake.

#47 Binti Mkanyageni
Mzee wangu, heshima yako. Lakini kipindupindu hakisomi historia ya baba. Pwani yetu maji yako juu, na kwetu Unguja na Pemba mawe ya matumbawe yana mianya, maji yanapita mbio wala hayachujwi. Kisiwani Chumbe pale, karibu na Unguja, hawakuhangaika na ombwe wala lita tisa, vyoo vyao ni vya kuozesha mbolea, havitumii maji kabisa, na wanavuna mvua juu ya paa. Watalii wanalipa pesa nzuri kulala hapo.

#48 Mwanakimbiji
Hicho cha mbolea wageni wangu wa Jumamosi kutoka mjini hawatakikubali dada. Hao wakiona tundu wanapiga picha.

#49 Mchumi wa Mbagala
Hamjazungumza umeme. Mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 tulikuwa na mgao wa saa nyingi, mpaka Bwawa la Nyerere lilipoanza kuzalisha. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2022, Ruvu ilipungua, Dar nzima tukawa na mgao wa maji. Choo cha kawaida kinakufa maji yakikatika, unachukua ndoo unamwaga. Cha vakyumu kinakufa umeme ukikatika, ndoo haikisaidii chochote. Chagua mgao wako.

#50 Injinia Bila Helmeti
Jenereta analo, hakuna lodge bila jenereta. Pampu zenyewe si kubwa.

#51 Mchumi wa Mbagala
Jenereta ya saa nane usiku ili mtu mmoja aende haja ndogo?

#52 Dada wa Jenfeld
Tenki huwa na akiba ya vakyumu, umeme ukikatika unapata mibonyezo kadhaa kabla haijaisha. Si mingi.

#53 Pilipili Kichaa
Itabidi mpange foleni kwa kipaumbele. Wageni wa vyumba vya baharini kwanza.

#54 FundiBomba Buguruni
Mwanakimbiji, nakupa ya bei rahisi. Masinki yenye vitufe viwili, lita tatu kwa ndogo na sita kwa kubwa. Watu wengi huenda ndogo. Umeshuka kutoka 1,620 mpaka mia saba na kitu, hujaagiza kontena. Vyoo vya wafanyakazi weka yale masinki ya plastiki ya SATO yenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, kopo moja linatosha, na nzi hapandi. Hilo la karo lisogeze mbali na kisima. Mimi ningeanzia hapo.

#55 Mwalimu wa Zamu
Nakazia hoja ya FundiBomba. Na niwakumbushe, wazo la kuvuta majitaka kwa ombwe si la ndege. Mholanzi Charles Liernur alilitembeza Ulaya tangu miaka ya 1860, Amsterdam wakalijaribu. Lilikuja kufifia maji ya bomba yalipoenea, vyoo vya kumwaga vikashinda. Msweden Joel Liljendahl akalifufua miaka ya 1950. Dada Jenfeld anaishi kwenye mzunguko wa tatu.

#56 Pilipili Kichaa
Mwalimu, umesema ombwe na hakuna aliyekufa.

#57 Msafiri wa Maskati
Nimerudi. Nahodha, nimekagua vipoza hewa. Jengo la pili linavyo viwili, la kwanza halina. Nikadhani nimepata. Kisha nikaangalia bili za miezi ya baridi, vimezimwa kabisa, na bado maji hayajashuka zaidi ya sehemu ya tano.

#58 Nahodha Mstaafu wa Likoni
Basi mimi nasalimu amri. Labda hao wanaume wanaoga zaidi kwa sababu choo hakinuki.

#59 FundiBomba Buguruni
Valvu za maji. Nimesema.

#60 Injinia Bila Helmeti
Robo mara asilimia 85. Nami nimesema.

#61 Mwanakimbiji
Wakuu, nawashukuru. Nilivyoamua: muuzaji nimemwambia asubiri. Kwanza naweka mita mbili ndogo, moja kwenye bomba la kisima na moja kwenye boza, nijue nini kinakwenda wapi. Vyumba sita nitavifunga vitufe viwili nilinganishe na vingine. Karo nalo naangalia pa kulihamishia. Nikipata namba nitaleta hapa.

#62 Kobe Mzee
Uamuzi wa mtu mzima.

#63 Mchumi wa Mbagala
Nafukua uzi huu. Imepita miezi mitatu, mleta mada kimya. Mita zilisemaje?

#64 Mwanakimbiji
Mkuu, ya kisima imeibiwa wiki ya pili. Ya boza ipo na inasoma vizuri, ila peke yake haiwezi kuniambia kitu kuhusu vyoo.

#65 Pilipili Kichaa
Umemuuliza yule jamaa wa kabrasha alikuwa wapi usiku huo?